Mnyororo Mpya, Meno ya Zamani

Watu wa Kitangari walimtambua Optatus kabla hawajamwona. Mnyororo wa baiskeli yake ulimtangulia njiani, ukilia kama mtu anayetafuna mchanga, na watoto waliokuwa wakicheza barabarani walisogea pembeni bila hata kuinua macho. Mkewe, Dominika, aliusikia tangu kwenye kona ya kanisa. Ulikuwa umemsaidia mara nyingi kupakua ugali ungali moto, au kumuaga jirani aliyekuja kusengenya. Kwa hiyo hakuwa na ugomvi na kelele zile. Ugomvi wake ulikuwa kwamba siku hizi mnyororo ulilia, ukanyamaza ghafla, halafu akamsikia mumewe akitukana.

Jumatatu ile alimkuta uani ameipindua baiskeli magurudumu juu, nyundo mkononi na msumari mdomoni, anang'oa pingili.

"Unaukata tena, Baba Agatha?"

"Umelegea kidogo."

"Mwezi uliopita nao ulilegea kidogo."

Optatus alitoa msumari mdomoni ili ajibu kwa heshima. "Mnyororo ni chuma, Mama Agatha. Chuma hakizeeki. Kikilegea unakikaza, maisha yanaendelea."

Mnyororo wenyewe aliupata miaka ile ya uhaba, wakati baiskeli na vipuri vyake vilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kujuana. Mwanamume aliyeweza kuufanya mnyororo mmoja uishi hata baada ya gari la kijiji kufa kwa kukosa nati alikuwa mtu wa maana, na Optatus alikuwa mtu wa maana sana. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho walishaanza kuonekana na malori yao, na maduka ya Newala yalijaa vitu mpaka barazani. Yeye bado alikata pingili. Kuacha ilikuwa ni kama kukiri kwamba umaana wake umepitwa na wakati.

Halafu yalikuwepo mafuta. Dominika alipokuwa akibangua korosho kwenye bati juu ya moto, maganda yalitoa utomvu mweusi, ule unaobabua ngozi na kuchubua midomo ya watoto wasiosikia. Wengine waliukwepa. Optatus aliukinga kwenye kopo, akaupakaza kwenye mnyororo kwa unyoya wa kuku. Haukununuliwa, uling'aa, na haukukauka haraka. Ila ulinata, na mchanga wa Kitangari haukosi pa kukaa. Mnyororo ulikuwa umevaa koti jeusi la mchanga na utomvu, na kila ulipozunguka ulisaga. Dominika alilijua hilo kwa sababu aliufua ule mguu wa kulia wa suruali ya mumewe kila wiki, na kila wiki vidole vilimwasha.

"Hayo mafuta yako yanakula chuma," alimwambia.

"Yanakilinda."

"Suruali hayakuilinda."

Kabla hajajibiwa, fimbo iligonga kwenye gogo la mlangoni. Alikuwa Bibi Cecilia, kungwi, mwanamke mfupi ambaye hakuna mwali aliyetoka unyagoni upande ule bila kupita mikononi mwake.

"Shikamoo, Bibi," walisema wote wawili.

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kuwaambia watoto wanatoka Jumamosi." Akaliendea pipa lililokuwa chini ya upenu, akaligonga kwa fimbo. Pipa likajibu kwa sauti ya tumbo tupu. "Hili nataka lijae Ijumaa, jua likitua. Mwali anaogeshwa kwa maji, wageni wanapikiwa kwa maji. Mashine ya maji ya kijiji imelala, mnajua wenyewe. Nikikuta halijajaa, Agatha nitamtoa kwa mjomba wake. Dastani ana kisima cha saruji, maji ya mvua bado yamo."

"Bibi, mimi nina baiskeli," Optatus alisema.

"Nimeisikia," alisema Bibi Cecilia, akaondoka.

Dominika alibaki akilitazama pipa. Dastani alikuwa kaka yake, na tangu zamani ni mjomba anayesimama mbele mwali anapotoka. Wala hakulikataa hilo. Lakini siku anaolewa, Dastani alisema mbele ya watu kwamba Optatus ni mtu wa maneno mengi na uwanja mtupu, na kwamba watoto wa dada yake watachezwa kwake kwa sababu kwingine hakutakuwa na cha kuwachezea. Dominika alijibu siku ile ile kwamba mwanawe wa kwanza atatoka kwenye uwanja wake mwenyewe, mjomba aje kama mgeni na ale ashibe. Agatha alikuwa amekua na maneno hayo. Kabla hajaingia unyagoni alimuuliza mama yake mara mbili watapiga ngoma upande gani, wa mkorosho au wa jikoni.

"Litajaa," Optatus alisema.

"Kwa mnyororo huo?"

"Kwa mnyororo huo huo."

*

Maji yalikuwa bondeni. Kushuka ni rahisi, ila kupanda ni lazima uikokote baiskeli yenye madumu mpaka juu ukingoni, ukiwa umeinama mpaka pua inakaribia usukani. Ukifika juu unapumua, unapanda, na kuanzia hapo ni mwendo mrefu wa tambarare yenye vilima vidogo. Hapo ndipo baiskeli inapolipa gharama zake. Mwenye baiskeli nzima anakwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na asiye nayo ana mke.

Jumanne, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Optatus alifika nyumbani bila kusikika. Dominika aliinua kichwa, akamwona amesimama uani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mnyororo unaoning'inia kama nyoka aliyeuawa.

"Umekatika," alisema.

"Naona."

"Ulikuwa mzima asubuhi."

Dominika alichukua ndoo, akasokota ngata, akamwita jirani yake Faidha kwa juu ya ua, wakaelekea bondeni. Ndivyo ilivyokuwa siku zote ambazo baiskeli iliumwa. Optatus alikaa chini kuitibu, na kichwa cha Dominika kikachukua zamu.

*

Jumatano walipata nafasi juu ya lori la mnunuzi wa korosho mpaka Newala. Dominika aliamua kwenda naye, akisema ana haja ya chumvi. Haja yake hasa ilikuwa kumzuia mumewe asirudi na nyundo mpya. Optatus alizifungua gia ya nyuma na ya mbele akazitia kwenye kiroba, ili mnyororo upimwe kwa kulinganisha.

Duka lilikuwa la Mahmudu, lakini vipuri vya baiskeli aliviuza Husseni, fundi aliyekaa barazani katikati ya matairi yaliyotundikwa kama mikate. Optatus alisimama akayatazama yote yale kwa jicho la mtu aliyewahi kusubiri tairi moja msimu mzima.

"Vyote hivi bila kibali?" alinong'ona.

"Kibali ni pesa, mzee wangu," Husseni alisema. Alikuwa mwepesi wa ulimi, na vidole vyake vilitembea huku akiongea. Alizichukua gia mbili akazigeuza kwenye jua. "Lo! Hizi umezitoa makaburini?"

"Nataka mnyororo."

"Mnyororo nitakupa. Lakini tazama hapa, mama nawe tazama. Jino zima linasimama wima, limejaa. Haya yako yamechongoka, yamelala upande mmoja kama ya msumeno. Mnyororo ukilegea, pingili zinapishana na meno, kila ukizunguka unayanoa. Ungekuja mapema, ungebadilisha mnyororo peke yake na gia zikaendelea kula minyororo mingine kadhaa. Umechelewa. Sasa ni vyote vitatu, mbele, nyuma na mnyororo."

"Na nitajuaje mapema?"

"Ukiwa umeufunga, uvute mnyororo pale mbele kwa vidole viwili. Ukikataa, endelea na safari. Ukiinuka ukaona jino zima chini yake, njoo kwangu siku hiyo hiyo."

Dominika aliona kwamba maneno yale yana akili. Optatus naye aliona, na ndiyo sababu aliyashuku. Enzi za uhaba hakuna aliyewahi kumbembeleza mtu anunue kitu. Na Husseni huyu huyu, alipopita Kitangari kabla ya mvua zilizopita, alimuuzia tyubu mpya yenye kiraka.

"Ile tyubu nayo ulisema ni lazima," Optatus alisema.

Husseni alicheka bila aibu. "Tyubu ile nilidanganywa na mimi. Leo nasema kweli."

"Nitajuaje siku unayosema kweli?"

Husseni alimrudishia gia zake mbili. Dominika aliminya fundo la khanga yake lililokuwa na akiba ya kununulia unga na mchele wa Jumamosi. Angeweza kulifungua. Alilifikiria pipa, akaifikiria tyubu yenye kiraka, akawafikiria wageni wanaokula ugali mkavu mbele ya kaka yake. Akaliacha fundo lilivyo. Baadaye alijilaumu, lakini ukweli ni kwamba hata wewe ungeliacha.

Walirudi na mnyororo peke yake. Ulikuwa umefungwa kwenye karatasi ya nta, unang'aa, na Optatus aliupakata njia nzima.

*

Alhamisi asubuhi baiskeli ilitoka uani kimya kabisa. Optatus aliifurahia hali hiyo kupita kiasi. Alikuwa akiwatokea watu kwa nyuma, akiwasalimu, wakashtuka.

"Baba Agatha! Umenitisha, sikukusikia."

"Hamtanisikia tena," alijibu, akapita.

Akashuka bondeni akiwa hajakanyaga pedali hata kidogo, akajaza madumu matatu, akakokota mpaka juu. Mpaka hapo mnyororo mpya ulikuwa umevuta baiskeli tupu tu. Akapanda. Kwenye tambarare ulikwenda ukirukaruka kidogo, na yeye akajiambia ni ugeni. Kilima cha kwanza alikipita kwa kupindapinda kushoto na kulia. Kilima cha pili kilikuwa pale vibandani, mahali ambapo wanaume hukaa wakisubiri bei ya korosho ya siku.

Dominika alikuwa akitokea nyuma, ndoo kichwani, pamoja na Faidha. Akamwona mumewe akisimama juu ya pedali ili aukabili mlima kwa uzito wake wote. Akasikia mlio, *kaa!* Mguu wa Optatus ukazama kama mtu aliyekanyaga shimo, mwili ukashuka juu ya bomba la katikati, mahali ambapo mwanamume hataki kushukia. Baiskeli ikayumba, dumu la kushoto likavuta, na vyote vikaanguka pamoja. Dumu moja lilipasuka. Maji yalitengeneza kijito chembamba mpaka kwenye miguu ya wanaume waliokaa, na wakainua ndala zao mmoja mmoja.

Mmoja wa waliokaa alikuwa Dastani.

"Shemeji," alisema, akiinua miguu, "umeamua kumwagilia barabara?"

Wakacheka. Hata Faidha alicheka, akajifunika mdomo kwa khanga. Dominika alitua ndoo, akaenda akachuchumaa karibu na mumewe. Hakumshika, maana angemwaibisha zaidi. Aliigeuza pedali kwa mkono, akatazama pingili mpya zikipanda juu ya meno yaliyochongoka, zikakaa kwenye ncha, halafu zikateleza. Pingili zilikuwa zimepimwa kwa meno mazima. Meno haya yalikuwa yamechongwa na mnyororo uliolegea, yakawa na nafasi zake yenyewe.

"Hayaelewani," alisema polepole. "Ule wa zamani uliyaharibu, lakini walikuwa wamezoeana."

"Nyamaza, Mama Agatha."

"Na gurudumu limepinda."

Kweli, gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjika kama kawa la mkeka, na spoku zilikuwa zimetoka nje. Baiskeli ile sasa isingeweza hata kukokotwa.

Dastani alikuja akasimama juu yao. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Dominika. "Jamani, mnajitesa bure," alisema kwa upole. "Maji ninayo. Atoke kwangu. Mimi ni mjomba wake, hakuna atakayeona ajabu."

Optatus aliendelea kuokota spoku zilizovunjika, akizitia mfukoni. Walirudi nyumbani, yeye akiwa ameibeba baiskeli begani badala ya baiskeli kumbeba yeye, na mkewe na jirani wakimfuata na ndoo zao.

Jioni, kabla giza halijaingia, Dominika alichungulia ndani ya pipa. Maji yalikuwa chini sana, yakimrudishia uso wake mdogo. Optatus alikuwa amekaa kwenye kigoda, mnyororo unaong'aa magotini.

"Basi na atoke kwa mjomba wake," alisema.

Dominika aliumia. Hakuumia kwa sababu ya kaka yake. Aliumia kwa sababu mtu huyu, aliyeweza kujisifu hata akiwa na homa, ameishiwa maneno.

"Kama wewe umechoka, sema umechoka," alimwambia. "Mimi sijachoka. Kesho nikipiga ngata alfajiri nikarudi, nikaenda tena, na Faidha akinisaidia, labda litafika katikati. Mtu wa tatu angelimaliza."

"Mtu wa tatu nani?"

Dominika alimtazama utosini. Alikwenda jikoni.

*

Ijumaa Dominika na Faidha walipita vibandani mapema, na nyuma yao akapita Optatus na mzega begani, ndoo moja mbele na moja nyuma. Mzega ni kitu cha mwanamume, hakuna aliyemtazama. Lakini njia ya kupandia kutoka bondeni ni nyembamba, ina mawe pande zote mbili, na ndoo zake ziligonga kila jiwe njiani. Alifika juu na maji ya kunawia mikono tu. Alisimama, akaziangalia ndoo, akawaangalia wanawake waliokuwa wamempita bila kumwaga tone.

"Nisokotee," alimwambia mkewe.

"Nini?"

"Hicho cha kichwani."

Faidha aligeuka upande mwingine. Dominika alivua khanga yake ya pili, akasokota ngata nene, ya mtoto anayejifunza, akamwekea. Walirudi chini wote. Wakamtwisha. Optatus alisimama wima kama askari, macho mbele, akiogopa hata kupepesa.

"Usiangalie chini," Dominika alisema. "Na shingo iwe laini."

"Italainikaje?"

"Tembea tu."

Vibandani palikuwa pamejaa. Maji yalimtiririkia masikioni na ndani ya shati. Hakuna mwanamume wa Kitangari aliyewahi kupita pale na ndoo kichwani akiwa na akili timamu, na waliokaa walimgeukia wote. Ni Dastani aliyetangulia kusema.

"Shemeji, baiskeli iko wapi?"

"Imelala," Optatus alisema, bila kugeuza kichwa. "Usiiamshe."

Safari hii waliocheka walicheka pamoja naye. Faidha alianzisha wimbo pale pale, na kufikia safari iliyofuata wanawake waliokuwa wakitoka bondeni walishaupokea:

*Mnyororo mpya, meno ya zamani,*
*Baba Agatha, karibu kichwani!*

Aliimbiwa kwenda na kurudi. Mara ya mwisho Dominika alimsikia akiuitikia, kwa sauti ya chini, ya mtu anayepumua kwa shida.

Jua lilipokuwa linagusa mikorosho, Bibi Cecilia alifika. Hakuuliza habari. Alitumbukiza fimbo ndani ya pipa, akaitoa ikiwa imelowa mpaka karibu na kishikio. Akaiangalia, akamwangalia Optatus ambaye nywele zake zilikuwa zimelala na kutengeneza kiduara katikati, mahali palipokaa ngata.

"Atatoka hapa," alisema.

*

Jumamosi ngoma zilipigwa upande wa mkorosho. Agatha alitoka akiwa ameoga, amepakwa mafuta, khanga mpya, macho chini kama inavyotakiwa kwa mwali. Kina mama walipoufikia wimbo wa mnyororo, mabega yake yalianza kutikisika, na Bibi Cecilia akajifanya haoni. Dastani alikuja kama mgeni. Alileta zawadi yake, akakalishwa kwenye kiti, akala, akanywa uraka wa mabibo, akaongezwa.

Optatus alisimama pembeni ya mkewe, amevaa shati la kanisani. Alikuwa amekauka shingo. Kila alipotaka kumtazama mtu ilimbidi amsubiri mpaka apite mbele yake.

"Mama Agatha," alinong'ona. "Shingo huwa inakaa hivi siku ngapi?"

"Inategemea."

"Yako ilikaa siku ngapi?"

"Yangu?" Dominika alicheka. "Yangu haijawahi kupona."

Alisema kwa utani. Lakini neno lilipokwisha kutoka alisikia kwamba ni kweli, na akajua kuwa mumewe naye amesikia. Optatus alitaka kumgeukia, shingo ikakataa. Ikambidi augeuze mwili mzima, mbele ya shemeji na wageni wote, akiupa uwanja mgongo, mpaka wakatazamana uso kwa uso. Midomo yake ilifunguka.

"Miaka yote ile niliyokuwa nikikata pingili..."

"Ngoma inapita, Baba Agatha."

"Ngoja kwanza nikuambie."

"Utaniambia. Mtazame mwanao."

Na kwa kuwa hakuweza kugeuka peke yake bila kuumia, Dominika alimshika mabega yote mawili, akamzungusha taratibu, mpaka Agatha akawa mbele ya macho yake.